Sark, kist, spurtle: majina ya nguo na vyombo vya Waskoti, na somo letu

Katika vijitabu vya chama chetu tumezoea kusoma juu ya mila za kwetu: mahari, ngoma, majina ya watoto, pombe ya ndizi. Ni jambo zuri na liendelee. Mimi leo ninaomba ruhusa ya kwenda mbali kidogo, hadi Uskoti, kule kaskazini ya kisiwa cha Britania, kisha nitarudi nyumbani. Sababu yangu ni moja. Watu wa kule waliambiwa kwamba maneno yao ya nyumbani ni mabaya, wakaanza kuyaonea haya, halafu wakashtuka na kuyakusanya mbele hayajapotea yote. Sisi bado tuko katika kuona haya. Basi tuangalie wao walifanya nini.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Bukavu. Wakati nilipokuwa mwanafunzi wa instituti ya pedagojia, katika idara ya Kiingereza na Utamaduni wa Afrika, tulipewa kusoma shairi la Robert Burns, mshairi mkubwa wa Waskoti aliyeishi kutoka 1759 hadi 1796. Ndani yake mlikuwa neno «sark». Kamusi ndogo ya mfukoni haikuwa nalo. Mwenzangu mmoja akasema ni kosa la chapa. Profesa akacheka, akatujibu: «Hii haiko kosa. Iko lugha ingine.» Tangu siku ile neno moja likaita lingine, na daftari langu likajaa.

Waskoti ni nani?

Uskoti ilikuwa ufalme wake peke yake. Mwaka 1603 mfalme wao James wa Sita alirithi kiti cha Uingereza, akahamia London pamoja na watu wake wa nyumba ya kifalme. Mwaka 1707 mabunge mawili yaliunganishwa. Katika inchi hiyo kuna lugha tatu: Kigaeli, lugha ya watu wa milimani na visiwa vya magharibi, Kiskoti, lugha ya watu wa mabondeni na wa pwani ya mashariki, na Kiingereza cha shule na ofisi. Kiskoti na Kiingereza ni ndugu, mama yao ni mmoja. Ni kama Mashi na Kihavu kwetu: mtu wa huku anamsikia wa kule, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba moja ni Kihavu kilichoharibika ao Mashi iliyopotea njia.

Tena Waskoti si watu wageni kabisa kwa historia yetu. David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, na akiwa na miaka kumi tu alianza kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Mtoto huyo wa nyuzi ndiye aliyefika Nyangwe, katika Maniema, mwaka 1871, wakati ambapo nguo ya merikani na ushanga vilikuwa ndiyo franka za njia yote kutoka pwani. Pale Nyangwe, tarehe 15 Julai ya mwaka ule, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakipiga bunduki sokoni, na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, wakafa kwa risasi na kwa kuzama katika Lualaba.

Nguo

Tuanze na «sark» yenyewe. Ni shati, ao ile nguo ya ndani ya mwanamke inayofanana na kanzu fupi. Katika shairi lile, mchawi kijana anacheza usiku akivaa sark fupi mno, «cutty sark» kwa lugha yao. Mwaka 1869, katika mji wa Dumbarton, walitengeneza merikebu ya matanga ya kuleta majani ya chai kutoka China, wakaipa jina hilo, Cutty Sark. Merikebu ingaliko hadi leo Greenwich, London, na mbele yake kuna sanamu ya yule mchawi anashika mkia wa farasi. Watalii wengi wanaitembelea bila kujua kwamba wanatamka neno la shati la ndani. Na kofia ya sufu yenye kitufe juu wanayoiita «tam o' shanter» ilipata jina kwa Tam, mlevi wa shairi hilo hilo.

Suruali ni «breeks». Kuna methali yao inayosema kwamba ni vigumu kumvua mtu wa milimani suruali. Maana yake? Watu wa milimani hawakuvaa suruali, walivaa kilt. Huwezi kumnyang'anya mtu kitu asichokuwa nacho. Nilipoieleza darasani, mwanafunzi mmoja alisema: «Mwalimu, hiyo ni ya mwenye deni kabisa!» Na kweli ndivyo wanavyoitumia.

Wanawake walikuwa na maneno mengi ya kichwa, sawasawa na mama zetu. Msichana asiyeolewa alifunga nywele kwa utepe, jina lake «snood». Akiolewa anaacha snood na kufunika kichwa kwa kitambaa, «curch», ao kwa kofia nyeupe ya kitani inayobana masikio, «mutch». Hivi mtu alimwangalia mwanamke kichwani na kujua hali yake mbele hajaongea. Neno mutch lilitoka Uholanzi, kwani kwa karne nyingi wafanyabiashara wa Uskoti walikuwa na bandari yao maalum kule, katika mji wa Veere.

Nguo inayonigusa zaidi ni «plaid». Ni kipande kirefu cha kitambaa cha sufu, hakishonwi. Mchana mtu anajitandia mabegani, mvua ikinyesha anafunika kichwa, usiku kinakuwa blanketi. Mwanamke aliweza kumfunga mtoto ndani yake. Wachungaji wa mpaka wa kusini walikuwa na ya kwao ya rangi ya kijivu, inayoitwa «maud». Msomaji, hapo si kikwembe unachokiona? Kitambaa kimoja, kazi kumi. Tofauti ni baridi tu.

Kuna «hodden», nguo nzito ya sufu isiyotiwa rangi, ya mkulima. Kuna «semmit», singileti ya ndani. Kuna «moggan», soksi isiyo na nyayo. Na soksi nzee hiyo ndiyo iliyokuwa benki ya mwanamke, anaweka feza ndani na kuificha. Mwisho kuna «bauchle», kiatu kilichochakaa, kimepinda kisigino, mtu anakiburura tu. Kisha neno likatoka mguuni likapanda kwa mtu mwenyewe: mtu mzembe, aliyejiacha, anaitwa bauchle. Neno la nguo haliishi sandukuni peke yake, linaingia katika kuchekana na kuonyana. Likipotea, kicheko kile nacho kinapotea.

Vyombo

Sanduku lenyewe ni «kist». Msichana aliwekewa kist yake ya mbao, na ndani yake mashuka na nguo za kitani alizozishona mwenyewe, akingojea ndoa. Sanduku kubwa zaidi, la kuwekea unga, ni «girnel». Unga wao ni wa shayiri ya aina ya oti, chakula cha kila siku cha Mskoti maskini. Waliupika uji mzito, na kijiti cha kuukorogea kina jina lake: «spurtle». Ni kijiti cha mviringo, hakina bapa kama mwiko wetu, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia mabonge. Kila mwaka tangu 1994, katika kijiji cha Carrbridge, watu wanashindana kupika uji huo, na mshindi anapewa spurtle ya zahabu. Ninapenda jambo moja la sarufi hapo: Kiskoti hakisemi uji «ni moto» kwa umoja, kinasema kwa wingi, kama vile sisi tunavyosema maji yamepoa, mafuta yamemwagika. Kiingereza cha London kiliona hilo kuwa kosa. Mswahili angelielewa mara moja.

Ndoo ndogo ya vipande vya mbao, ambayo kipande kimoja kinatokea juu kama sikio la kushikia, ni «luggie», kwani sikio ni «lug». Taa ya zamani ni «cruisie»: visahani viwili vya chuma vyenye umbo la jani, kimoja chini ya kingine. Cha juu kina mafuta ya samaki na utambi wa moyo wa nyasi ya kinamasi. Cha chini kinapokea mafuta yanayodondoka, yasipotee hata tone. Taa hiyo ilianza kuzimika wakati Mskoti mwingine, James Young, alipopata njia ya kutoa mafuta ya taa katika mawe, mwaka 1850, na kufungua kiwanda chake Bathgate. Young alikuwa rafiki wa Livingstone tangu masomo, akamsaidia kwa feza katika safari zake. Kwa hiyo mafuta yaliyoua cruisie ndiyo yaliyosaidia kulipa njia ya yule mzee hadi kwetu.

Nimeacha «creel» kwa mwisho makusudi. Ni kitunga cha kubebea samaki mgongoni. Wanawake wa Newhaven, bandari ndogo karibu na Edinburgh, walijaza creel samaki, wakaipandisha mgongoni, na kuifunga kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Hivyo wakapanda hadi mjini, nyumba kwa nyumba, wakipaza sauti ya kuuza. Nilipoonyesha picha yao ya zamani, darasa lilinyamaza. Kila mtoto alijua mkanda ule. Ni mugozi. Ni mama yake, shangazi yake, ao yule mama anayepandisha muzigo kutoka bandarini hadi Kadutu kwa miguu, shingo imekaza, macho chini. Msichana wa mstari wa mbele akauliza: «Na wazungu pia walibeba hivi?» Ndiyo, walibeba hivi. Wameuweka mkanda ule katika picha na vitabu vyao, wanauonea fahari. Sisi mkanda bado uko kwenye paji la mama, na fahari hatujaiona.

Maneno ya kuazima

Kuna jambo lingine litakalofurahisha msomaji wa Kongo. Uskoti na Ufaransa walifanya mapatano ya urafiki mwaka 1295, yakaendelea hadi 1560. Katika karne hizo maneno ya Kifaransa yaliingia jikoni mwa Waskoti na hayajatoka. Sahani kubwa ya nyama ni «ashet». Ukiisema polepole utasikia «assiette». Kabati ni «aumry», ndugu ya «armoire». Kikombe ni «tassie», kutoka «tasse». Kitambaa cha shingo ni «gravat», na kusumbuka ni «fash», yaani «se fâcher».

Ninaandika hivi kwa sababu wengine wetu wakisikia mama sokoni anasema «alimwari» ao «pantalo», wanacheka: eti ni Kiswahili cha mtaani, si kizuri. Waskoti wamebeba ashet yao kwa miaka mia kadhaa na leo ni neno la kizalendo. Neno la kuazima likikaa jikoni kwa muda mrefu linakuwa mtoto wa nyumba. Haliombi tena karatasi.

Sheria na fimbo

Maneno haya hayakufa kwa uzee tu. Yalisukumwa. Baada ya watu wa milimani kumwasi mfalme na kushindwa katika vita vya Culloden, mwaka 1746, bunge la London lilitoa sheria: mwanaume ao mtoto mwanaume atakayevaa kilt ao plaid ya milimani, asipokuwa askari wa mfalme, atafungwa miezi sita, akirudia, atapelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria iliondolewa mwaka 1782. Hesabu mwenyewe: miaka 36. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1746 alikuwa mtu mzima mwenye watoto mbele hajavaa nguo ya baba yake kwa ruhusa.

Sisi wa Kongo tusishangae. Tangu mwaka 1972 serikali ya Zaïre ilikataza koti la suti na tai, ikaleta abacost, hadi mwaka 1990. Marehemu baba yangu aliweka abacost yake ya kijivu katika sanduku la chuma, chini kabisa, na naftalini. Alikuwa haivai, na hakutaka itolewe. Serikali ilimvua suti, kisha wakati ulimvua abacost, na kila mara neno lilibaki mdomoni baada ya nguo kuisha. Leo wanafunzi wangu wakisikia «abacost» wanadhani ni jina la dawa.

Kwa Kiskoti chenyewe, kazi kubwa ilifanywa na watu wa elimu. David Hume, mwanafalsafa mkubwa wa Edinburgh, alichapisha mwaka 1752 orodha ya maneno na misemo ya Kiskoti ambayo mwandishi mzuri aepuke. Yeye mwenyewe alikuwa Mskoti! Baadaye shule ikafuata. Mtoto aliyejibu kwa lugha ya mama yake alipigwa viganja kwa «tawse», mkanda wa ngozi nene uliopasuliwa mwisho wake kama ulimi wa nyoka. Tawse ni neno la vyombo pia, na ni zee. Mji wa Lochgelly ulijulikana kwa kuzitengeneza. Ni sheria ya mwaka 1986 iliyokataza kupiga watoto katika shule za serikali.

Wengi wetu hapa tulivaa «symbole» shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani katika kiwanja cha shule. Katika shule niliyosoma ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Jioni aliyebaki nacho alifyeka majani. Sitaji shule, haina faida, na desturi haikuwa ya shule moja. Ninataka tu tuelewe namna inavyofanya kazi. Hakuna mtu aliyetukataza kusema Mashi ao Kiswahili nyumbani. Lakini mtoto anayefyeka majani kwa sababu ya neno, akifika nyumbani halisemi tena kwa furaha. Na akiwa baba hamfundishi mtoto wake.

Waliyafanyaje kuyaokoa?

Mtu mmoja alianza. John Jamieson, mchungaji wa kanisa, si profesa, alichapisha mwaka 1808 kamusi ya Kiskoti ya vitabu viwili vikubwa. Miaka mingi aliandika neno moja moja, kwa kuuliza watu na kupekua maandiko ya zamani. Baada yake wengine waliendeleza. Kamusi kubwa ya Kiskoti cha kuanzia karne ya 18 ilianza kutolewa mwaka 1931, ikaisha mwaka 1976, vitabu 10. Ile ya Kiskoti cha kale ilianza mwaka ule ule wa 1931, ikaisha mwaka 2002, vitabu 12. Walioanza hawakuona mwisho. Tangu 2004 zote mbili zinasomwa bure kwenye intaneti, na ndani yake sark, mutch, girnel na cruisie ziko, kila neno na kijiji chake.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, kwa mara ya kwanza raia waliulizwa kama wanajua Kiskoti. Watu karibu milioni moja na nusu walisema wanakisema, katika inchi ya watu milioni tano na kitu. Na mwaka 2025 bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukipa Kiskoti, pamoja na Kigaeli, hadhi ya lugha rasmi. Kutoka orodha ya Hume hadi sheria hiyo ni miaka 273.

Na sisi?

Sisi hatuna miaka 273 ya kungojea. Tangu vita vya 1996 watu wetu wamekimbia mara ngapi? Anayekimbia anabeba mtoto, sufuria, na kikwembe cha kufunika. Kinu anakiacha. Kitunga cha harusi anakiacha. Kigoda cha baba anakiacha. Akirudi, kama anarudi, ananunua ndoo ya plastiki, na ndoo ya plastiki ina jina moja tu kwa kazi zote. Chombo kikiungua ndani ya nyumba, jina lake halionekani katika hesabu ya hasara.

Mwaka mmoja nilipatia wanafunzi wangu kazi ya likizo ndogo: kila mmoja aulize mzee wa jamaa majina matano ya nguo ao vyombo visivyotumika tena, aandike kazi yake, aliyekitengeneza, na nani hakuruhusiwa kukigusa. Mzazi mmoja alikuja kulalamika: «Mwalimu, mutoto namulipia masomo ya Kiingereza, siyo ya vitunga.» Nilimwonyesha daftari la mtoto wake. Msichana huyo, aliyejua neno «kitunga» tu, alikuwa ameandika majina matatu aliyopewa na koko yake: moja la kitunga cha unga, moja la kitunga cha soko, moja la kile cha kupelekea zawadi kwa wakwe, ambacho hakirudishwi kitupu. Majina hayo siyataji hapa, ni mali ya daftari lake, naye ndiye atakayeyachapisha siku moja. Baba alisoma kimya. Halafu akasema: «Iko ingine ya ine. Ya kubebea mbegu. Koko hakumuambia?» Akaomba bic, akaiandika mwenyewe chini ya ukurasa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama ni dogo, haliombi musaada wa ng'ambo. Kila mwanachama achukue daftari moja la kurasa 48. Kwa kila neno aandike mambo manne: jina, kitu chenyewe kilifanyika na nini, kazi yake, na mtu aliyelisema pamoja na kijiji chake. Kama kuna msemo ao matusi yaliyotokana na kitu hicho, ayaandike vilevile, asione haya. Waskoti hawakuiacha bauchle. Achore kitu hata kama hajui kuchora. Mwisho wa mwaka madaftari yaletwe kwa katibu, na yapigwe picha kwa simu ili nakala ibaki pahali pengine, kwani nyumba zetu zinaungua na maji ya mvua yanaingia.

Tuanze na wazee wenye umri mkubwa kuliko wote. Koko ya yule msichana ana zaidi ya miaka themanini, na ukurasa wake una maneno matano tu.